William Beaumont

William Beaumont (Lebanon, Connecticut, 21 Novemba 1785 – St. Louis, Missouri, 25 Aprili 1853) alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani. Anakumbukwa kama mtu wa kwanza kuchunguza kwa miaka kadhaa, na kwa utaratibu, jinsi mfuko wa tumbo wa binadamu aliye hai unavyofanya kazi.

Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mgonjwa wake, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya mwaka 1822 akabaki na tundu ubavuni lililofika hadi ndani ya mfuko wa tumbo. Kupitia tundu hilo Beaumont aliona mambo matatu yakitendeka kwa pamoja: juisi ya tumbo ikiyeyusha chakula, misuli ya tumbo ikikisukuma na kukichanganya, na mishipa midogo ya damu ikijaa na kubadilisha rangi ya utando wa ndani. Majaribio yake 238 yalichapishwa katika kitabu mwaka 1833.

Jina lake linatajwa pia katika mafunzo ya maadili ya utabibu, kwa kuwa elimu hiyo ilipatikana katika mwili wa mtu maskini ambaye hakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa.

Maisha ya awali

Beaumont alizaliwa katika familia ya wakulima. Hakusoma chuo kikuu. Alipokuwa na umri wa miaka 21 hivi aliondoka nyumbani akaelekea kaskazini hadi Champlain, katika jimbo la New York, karibu na mpaka wa Kanada. Huko alifundisha shule kwa miaka michache, na wakati wa mapumziko alisoma vitabu vya tiba alivyoazima.

Mwaka 1810 alikwenda St. Albans, Vermont, kujifunza udaktari chini ya daktari Benjamin Chandler. Siku hizo madaktari wengi wa Marekani walijifunza kwa njia hiyo: mwanafunzi aliishi na daktari, akamsaidia kuandaa dawa, akafuatana naye kwa wagonjwa na kuandika aliyoyaona. Desturi hiyo ya kuandika kila kitu katika daftari, saa kwa saa, ndiyo iliyomfaa baadaye kuliko elimu nyingine yoyote.

Alipata leseni mwezi Juni 1812, wakati Marekani na Uingereza zilipoingia vitani. Alijiunga na jeshi akiwa msaidizi wa daktari mpasuaji. Mwezi Aprili 1813 alikuwepo kwenye mapigano ya York, mji ambao leo unaitwa Toronto. Ghala la baruti lililipuka na kuua au kujeruhi askari wengi, na Beaumont alifanya kazi usiku na mchana akikata viungo na kufunga majeraha. Katika mapigano hayo alizoea majeraha ya baruti.

Baada ya vita alifungua kazi ya binafsi Plattsburgh, New York, kisha akarudi jeshini. Mwaka 1820 alipelekwa Fort Mackinac, ngome iliyo kwenye kisiwa kidogo mahali ambapo ziwa Michigan na ziwa Huron yanakutana. Mwaka 1821 alimwoa Deborah Platt.

Elimu ya mmeng'enyo kabla yake

Wakati huo wataalamu walikuwa bado wanabishana juu ya kinachotokea chakula kinapomezwa. Wengine walisema tumbo ni kama jiwe la kusagia, yaani misuli yake inaponda chakula hadi kiwe uji. Wengine walisema chakula kinachacha au kuoza tumboni. Wengine waliamini kuna nguvu ya uhai isiyoweza kupimwa. Kundi la nne lilisema kuna majimaji yanayoyeyusha chakula kama asidi inavyoyeyusha chokaa.

Katika karne ya 18 Réaumur wa Ufaransa na Spallanzani wa Italia walikuwa wamefanya majaribio kwa ndege na wanyama, na Spallanzani alijijaribu hata mwenyewe kwa kumeza vifuko vya kitambaa vyenye chakula. Mwaka 1824 William Prout wa Uingereza alionyesha kwamba asidi iliyomo tumboni mwa wanyama ni asidi hidrokloriki. Hata hivyo, kuona tumbo la mtu aliye hai likifanya kazi, siku baada ya siku, kulikuwa jambo lisilowezekana. Maiti haikuweza kulionyesha, kwa kuwa damu imesimama na misuli haisogei tena.

Ajali ya Mackinac

Kisiwa cha Mackinac kilikuwa kituo kikubwa cha biashara ya manyoya. Kila mwaka majira ya joto wapiga kasia wa mitumbwi, wengi wao Wakanada wenye asili ya Ufaransa, walifika hapo wakileta ngozi za wanyama. Mmoja wao alikuwa kijana Alexis St. Martin, mwajiriwa wa American Fur Company.

Tarehe 6 Juni 1822, ndani ya duka la kampuni hiyo, bunduki iliyokuwa imejazwa risasi ndogo za kuwindia bata ilifyatuka kwa bahati mbaya. St. Martin alikuwa amesimama karibu sana na mdomo wa bunduki. Risasi ilirarua upande wa kushoto chini ya kifua, ikavunja mbavu, na kuacha jeraha kubwa kuliko kiganja cha mkono. Sehemu ya pafu na sehemu ya mfuko wa tumbo zilitokeza nje, na chakula alichokula asubuhi kilivuja kupitia tundu lililotoboka.

Beaumont aliitwa akafika baada ya muda mfupi. Alisafisha jeraha, akaondoa vipande vya mifupa na nguo, akafunga. Hakutegemea kwamba kijana huyo angeishi. Kwa siku 17 za mwanzo kila alichokula au kunywa kilitoka nje kupitia jeraha, hivyo ilibidi alishwe kwa kuingiziwa maji yenye lishe kupitia njia ya haja kubwa. Baadaye bandeji ngumu ziliweza kuzuia chakula kisitoke, na mmeng'enyo ukaanza tena kama kawaida.

Jeraha lilichukua miezi mingi kupona, tena halikupona jinsi majeraha mengine yanavyopona. Kingo za tundu la mfuko wa tumbo zilishikana na kingo za jeraha la ngozi, na kufanya njia ya kudumu kutoka nje hadi ndani. Njia ya namna hiyo huitwa fistula. Tundu lilikuwa na upana wa kupita kidogo sentimita 2. Baada ya muda, mkunjo wa utando wa tumbo ulikua ukaliziba kama mlango mdogo. Mlango huo ulizuia chakula kumwagika, lakini uliweza kusukumwa ndani kwa kidole, na aliyechungulia aliona ndani ya tumbo.

Kwa maelezo ya Beaumont, alipendekeza kufunga tundu hilo kwa upasuaji lakini St. Martin hakukubali.

Kutoka mgonjwa hadi mtu wa majaribio

Mwaka 1823 viongozi wa eneo hilo walichoka kumgharamia kijana asiyeweza tena kupiga kasia. Walitaka kumrudisha Kanada, safari ndefu ya mtumbwi ambayo pengine ingemuua. Beaumont alimchukua nyumbani kwake, akamlisha na kumtibu kwa gharama yake, ingawa mshahara wake wa jeshi ulikuwa mdogo. St. Martin alipopata nguvu alifanya kazi za nyumbani hapo, ikiwemo kupasua kuni.

Hapa ndipo uhusiano wa watu hao wawili ulipokuwa mgumu kuueleza kwa neno moja. Beaumont alikuwa daktari aliyemwokoa, mwajiri aliyempa kazi, mwenye nyumba aliyempa chakula na, tangu mwaka 1825, mtafiti aliyeuhitaji mwili wake.

Jaribio la kwanza katika orodha iliyochapishwa lilifanyika tarehe 1 Agosti 1825. Saa sita mchana Beaumont alifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri: nyama ya ng'ombe ya aina kadhaa, nyama ya nguruwe yenye mafuta, mkate uliolala na kabichi mbichi. Alivitumbukiza tumboni kupitia tundu, akamwacha St. Martin aendelee na kazi zake. Baada ya saa moja alivuta uzi, akakuta kabichi na mkate vimeyeyuka nusu, nyama haijabadilika. Baada ya saa mbili kabichi, mkate, nyama ya nguruwe na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa vilikuwa vimekwisha, lakini vipande vingine vya nyama vilikuwa havijaguswa sana.

St. Martin aliumwa na tumbo na kichwa siku iliyofuata. Beaumont alimtibu kwa kudondosha vidonge vya dawa kupitia tundu lile lile.

Siku chache baadaye alichota juisi ya tumbo, akaiweka kwenye chupa pamoja na kipande cha nyama, akaitunza katika joto la mwili. Nyama ikayeyuka ndani ya chupa, ingawa polepole kuliko tumboni. Jaribio hilo lilitoa mambo mawili. Kwanza, juisi ina uwezo wa kuyeyusha hata ikiwa nje ya mwili, kwa hiyo si kusaga tu wala si nguvu ya uhai isiyojulikana. Pili, chupa ilikwenda polepole. Tumbo lilikuwa na kitu ambacho chupa haikuwa nacho, yaani mwendo wa misuli na damu inayoleta joto na juisi mpya bila kukoma.

Mwaka huo huo, wakiwa karibu na mpaka, St. Martin aliondoka bila ruhusa akarudi kwao Kanada. Alioa, akapata watoto, akarudia kazi ya mitumbwi akiwa na tundu lake ubavuni.

Kurudi na mkataba

Beaumont alimtafuta kwa miaka minne kupitia wafanyabiashara wa manyoya. Mwaka 1829 St. Martin alikubali kuja Fort Crawford, Prairie du Chien, kando ya mto Mississippi, pamoja na mke wake na watoto wawili. Majaribio yaliendelea hadi mwaka 1831, kisha familia ikarudi Kanada kwa mtumbwi.

Mwezi Oktoba 1832 waliandikiana mkataba wa mwaka mmoja. St. Martin aliahidi kumfuata Beaumont popote na kukubali majaribio. Kwa malipo yake alipewa chakula, malazi, mavazi na dola 150. Hakujua kuandika, hivyo alitia alama ya msalaba. Mkataba huo hutajwa mara nyingi katika historia ya utafiti wa tiba kama mojawapo ya mifano ya mapema ya makubaliano ya maandishi kati ya mtafiti na mtu anayefanyiwa majaribio. Baadaye Beaumont alifanikisha pia St. Martin aandikishwe jeshini kama sajini, ili serikali ichangie mshahara wake.

Majira ya baridi ya 1832–1833 walikaa Washington. Sampuli za juisi zilipelekwa kwa wanakemia, wakiwemo Robley Dunglison wa Virginia na Benjamin Silliman wa Yale. Dunglison alithibitisha kwamba ndani yake mna asidi hidrokloriki. Mwisho wa mwaka 1833 kitabu kilichapishwa Plattsburgh kwa gharama ya Beaumont mwenyewe, kikiwa na hitimisho 51.

Aliyoyaona tumboni

Juisi. Beaumont alieleza juisi safi ya tumbo kuwa majimaji maangavu, yenye ladha ya chumvi kidogo na uchachu. Alitengeneza jedwali la muda wa kumeng'enywa kwa vyakula mbalimbali. Wali uliochemshwa ulichukua saa 1, maziwa yaliyochemshwa saa 2, na nyama ya nguruwe ya kuoka ilizidi saa 5. Aliona kwamba chakula kilichokatwa au kutafunwa vizuri huyeyuka upesi, na chenye mafuta mengi hukawia.

Misuli. Alipoingiza kipimajoto kupitia tundu, hakikutulia. Chakula kilipokuwa tumboni, misuli ilikishika kipimajoto na kukivuta kwa nguvu kuelekea mlango wa chini wa tumbo, kisha ikalegea na kukiachia kipande, halafu ikakivuta tena baada ya dakika chache. Kwa kuangalia vipande vya chakula vikipita mbele ya tundu, alieleza kwamba chakula huzunguka tumboni, na kila mzunguko huchukua kati ya dakika 1 na 3. Hivyo misuli haikuwa jiwe la kusagia. Kazi yake ilikuwa kukoroga, ili kila punje ya chakula ikutane na juisi, na kukisukuma mbele kilichokwisha kuwa uji.

Mishipa ya damu. Tumbo likiwa tupu utando wake wa ndani ulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia. Chakula kilipogusa utando huo, mishipa midogo ilijaa damu, rangi ikakolea kuwa nyekundu, na vitone vidogo vya juisi vikaanza kuchuruzika juu yake. Yaani damu ilitangulia, juisi ikafuata. St. Martin alipokuwa na homa, au baada ya siku kadhaa za kunywa pombe kali, utando ulikuwa na mabaka mekundu au kukauka, na juisi ikapungua, hata kama mwenyewe hakuhisi maumivu yoyote.

Joto. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 100 za Fahrenheit hivi, sawa na takribani 38 za Selsiasi. Joto lilipanda kidogo mtu alipofanya kazi ya mwili.

Hasira. Beaumont aliandika kwamba St. Martin alipokasirika, nyongo ilionekana tumboni na mmeng'enyo ukavurugika. St. Martin mara nyingi alikasirishwa na majaribio yenyewe: kulala ubavu mmoja kwa muda mrefu, kuingizwa mirija, kukaa na njaa kwa amri ya mwingine. Kwa hiyo hata manung'uniko yake yaliingia kwenye daftari kama matokeo ya utafiti.

Jinsi elimu ya leo inavyoeleza mambo hayo

Ukuta wa mfuko wa tumbo una tabaka tatu za misuli laini: moja inapita kwa urefu, moja inauzunguka mfuko, na moja imekaa mshazari. Misuli laini haiendeshwi kwa hiari ya mtu. Katika tumbo la binadamu mawimbi ya kukaza hupita mara 3 hivi kwa dakika, yakiongozwa na seli maalumu zilizo katikati ya misuli, zinazotoa mapigo ya umeme. Mlango wa chini, uitwao piloro, ni misuli ya duara inayoruhusu uji wa chakula kupita kidogokidogo kwenda kwenye utumbo mwembamba. Mawimbi ya namna hiyo husukuma chakula katika njia yote, kuanzia umio hadi utumbo mpana. Ndiyo maana mtu aliyelala anaweza kumeza.

Misuli hiyo na tezi za juisi haziwezi kufanya kazi bila damu. Ateri tatu zinazotoka kwenye aota hulisha viungo vya mmeng'enyo: ya kwanza hupeleka damu kwenye tumbo, ini, wengu na sehemu ya kongosho, ya pili hasa kwenye utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana, ya tatu kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mtu akiwa amepumzika, karibu robo ya damu inayotolewa na moyo huenda kwenye viungo hivyo, na baada ya kula kiasi hicho huongezeka. Wekundu alioona Beaumont ulikuwa dalili ya ongezeko hilo.

Damu haileti tu, pia inachukua. Ukuta wa utumbo mwembamba una vinyuzi vingi mfano wa vidole vidogo, na ndani ya kila kimoja kuna kapilari. Sukari na chembe ndogo zinazotokana na protini huingia katika kapilari hizo, hukusanywa katika mshipa mmoja mkubwa uitwao vena porta, na kupelekwa kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini. Mafuta mengi hupita njia nyingine, yaani mishipa ya limfu. Sehemu hii Beaumont hakuweza kuiona, kwa kuwa tundu lilimfikisha tumboni tu. Kazi ya ini katika kutunza sukari ya damu ilielezwa baadaye na Claude Bernard wa Ufaransa.

Mengine aliyoyahitimisha yalisahihishwa. Beaumont aliamini kwamba juisi hutoka tu chakula kinapogusa ukuta wa tumbo. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwa kutumia mbwa kwamba juisi huanza kutoka mnyama anapoona au kunusa chakula, kwa amri ya neva. Tena Beaumont hakujua kimeng'enya kinachovunja protini. Pepsini iligunduliwa na Theodor Schwann mwaka 1836, ingawa Beaumont alikuwa amekwisha kusema kwamba asidi peke yake haitoshi. Mzunguko wa chakula aliouchora haukuwa sahihi kabisa, kwani tundu lilimwonyesha sehemu tu. Karibu na mwisho wa karne ya 19 Walter Cannon wa Harvard alitumia eksirei kuona mawimbi ya tumbo zima bila kuliondolea ngozi.

Suala la maadili

Wanahistoria hawakubaliani jinsi ya kumhukumu Beaumont. Upande mmoja, alimwokoa mtu ambaye wengi wangemwacha afe, akamtunza miaka miwili kabla ya jaribio la kwanza lililochapishwa, na akaandika makubaliano katika wakati ambapo sheria haikumlazimisha. Katika Marekani ya siku hizo watumwa walifanyiwa upasuaji wa majaribio bila kuulizwa.

Upande mwingine, St. Martin alikuwa maskini, hakujua kusoma, aliishi nyumbani kwa mtafiti wake na alitegemea fedha zake. Majaribio hayakumponya ugonjwa wowote, na mengine yalimletea maumivu. Ridhaa ya mtu asiye na njia nyingine si sawa na ridhaa ya mtu huru. Kwa kanuni zinazotumika leo, mtafitiwa anapaswa kuelezwa hatari na kuwa na haki ya kujitoa wakati wowote bila adhabu. St. Martin alijitoa kwa njia aliyokuwa nayo: alirudi kwao.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1834 Beaumont alihamishiwa Missouri, kwanza Jefferson Barracks kisha St. Louis. Alijiuzulu jeshi mwaka 1839 baada ya kutoelewana na wakubwa wake, akaendelea na kazi ya binafsi iliyompatia heshima mjini. Aliwahudumia wagonjwa wakati wa mlipuko mkubwa wa kipindupindu mwaka 1849.

Kwa miaka hiyo yote alituma barua na fedha akimwomba St. Martin arudi. St. Martin alijibu mara kwa mara kupitia watu waliojua kuandika, akieleza shida zake na wakati mwingine akiahidi kuja, lakini hakuja tena. Mwezi Machi 1853 Beaumont aliteleza kwenye ngazi zenye barafu akaumia kichwa, akafariki tarehe 25 Aprili. Alizikwa St. Louis katika makaburi ya Bellefontaine.

St. Martin aliishi miaka 27 zaidi, akilima na kufanya vibarua Quebec. Mwaka 1856 alizungushwa katika miji kadhaa kama kitu cha maonyesho. Alifariki tarehe 24 Juni 1880 huko Saint-Thomas, karibu na Joliette. Daktari William Osler alikuwa ametaka mfuko wake wa tumbo uhifadhiwe katika makumbusho ya tiba ya jeshi huko Washington. Familia ilikataa. Waliuacha mwili uanze kuharibika katika joto la majira hayo, kisha wakauzika katika kaburi lenye kina kirefu kuliko kawaida, ili mtu yeyote asiweze kuufukua.

Urithi

Njia ya kuchunguza mmeng'enyo kupitia tundu iliigwa na wataalamu wa Ulaya, waliotengeneza fistula za makusudi kwa wanyama. Ndiyo njia aliyoitumia Pavlov. Katika miaka ya 1940 madaktari Stewart Wolf na Harold Wolff wa New York walimchunguza mtu anayejulikana kwa jina la Tom, ambaye naye alikuwa na tundu la tumbo. Walithibitisha kwamba utando wa tumbo hujaa damu mtu anapokasirika na hupauka anapoogopa, jambo ambalo Beaumont alikuwa ameanza kuliona zaidi ya miaka mia moja kabla.

Hospitali kadhaa za Marekani zimeitwa kwa jina la Beaumont, ikiwemo hospitali ya jeshi huko El Paso, Texas. Katika kisiwa cha Mackinac duka la ajali limejengwa upya kama makumbusho. Mwaka 1962 wanafiziolojia wa Kanada waliweka kibao cha kumbukumbu karibu na kaburi la Alexis St. Martin, kutambua mchango wake katika elimu ya mwili wa binadamu.